Kanyaga Penye Kwato

Kwenye njia ishukayo kutoka Nanighi kwenda mto Tana pana kipande cha tope ambacho mtu hukivuka kwa hatua chache. Maji ya mafuriko yalichelewa kuondoka hapo, yakaacha udongo mweusi unaonata, na asubuhi, kabla jua halijaukausha, kila aliyepita usiku na alfajiri anajulikana. Mbuzi wamechimba vishimo vidogo vyenye ncha, viwili viwili. Ng'ombe wamezitanua kwato zao kwa uzito wa miili. Punda amekata katikati kwa mstari ulionyooka. Wayo wa ngamia ni mpana na haukuzama sana, umelala tu juu ya tope. Kuna alama ya akala iliyochongwa kutoka kwenye tairi, michirizi ya tairi ingali inasomeka. Kuna unyayo wa mtoto, vidole vitano vimetanuka vikitafuta pa kushika. Nyayo za wanawake ni za aina mbili: zishukazo ni nyepesi, zipandazo zimezama, vidole vimekita mbele kwa nguvu, maana mtungi wa lita 20 umeshajaa na uko mgongoni. Pembeni kabisa, karibu na matete, kiboko ameacha alama za vidole vinne vipana, akirudi majini kabla ya mapambazuko. Na ndani ya ukwato mmoja wa ng'ombe maji yametuama, yamekuwa na rangi ya chai ya rangi, na humo viluwiluwi wawili watatu wanageukageuka wakitafuta kivuli cha ukingo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu, walisema wahenga. Maji ya ukwato nayo ni ziwa la chura, na ziwa hilo halitamaliza juma.

"Usikanyage hapo pakavu, mzee," aliniambia kijana aliyenitangulia na mbuzi wake. "Kanyaga penye kwato."

Nilitazama alipoonyesha. Pale alipopaita pakavu palipendeza kwa macho: udongo umekauka juu, umepasukapasuka vipande vya ukubwa wa kiganja, hakuna mguu uliogusa. Penye kwato palikuwa na vurugu, pameloa, pamevurugwa. Lakini aliutia mkongojo wake pale pakavu, ukazama hadi katikati bila kugusa kitu kigumu. Ganda lile la juu lilikuwa limefunika kinamasi. Penye kwato, kumbe, mamia ya wanyama walikuwa wameshindilia tope kwa uzito wao msimu mzima, wakalifanya sakafu. Palipoonekana pabaya ndipo palipokuwa salama. Nikavuka nikiinua mguu na kuutia katika shimo la mwingine, nikiuinua na kuutia tena, na nikafika ng'ambo viatu vikiwa vizito lakini goti likiwa kavu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo tumezoea kuisema juu ya vyombo vya baharini, na watu wa Lamu na Kipini wana haki nayo kuliko sisi wa bara kavu. Lakini tangu siku ile nimeiona inafaa pia kwa njia. Matembezi mepesi ya kando ya mto, yale ambayo hata mzee aliyechoka magoti anayaweza, wepesi wake umeundwa. Kuna miguu iliyotangulia kuzama ili yangu isizame. Ng'ombe hakulipwa kwa kazi hiyo, wala mwanamke aliyepita alfajiri na mtungi hakupita akinifikiria mimi. Hata hivyo wote wawili wamenijengea sakafu, na kila nipitapo nawiwa nao.

Nanighi iko ukingo wa mashariki wa Tana, katika eneo la Fafi, upande wa chini ukitoka Garissa na kabla hujafika Bura. Mto wenyewe, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, husafiri kilomita zipatazo 1,000 kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua hadi kuingia bahari ya Hindi Kipini, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita katika nchi kavu isiyoupa hata kijito kimoja cha kudumu. Kwa hiyo unyevu hapa ni mkanda mwembamba. Ukitoka kijijini unatembea kwenye mchanga na migunga, miswaki ikiwa imeinamisha matawi yake hadi chini, vumbi linapanda hadi magotini. Kisha, bila onyo, hewa inabadilika puani. Mikoma inatokea, shina likigawanyika mara mbili na kila tawi likigawanyika tena. Nyuma yake mikuyu, mikwaju, na miembe ya watu. Unasikia pampu ya shamba la ndizi na tikiti ikinguruma, unasikia hondohondo akilalamika mtini, na yangeyange wanatembea nyuma ya ng'ombe wakiokota panzi wanaoshtuliwa na kwato. Hakuna mlima wa kupanda, hakuna mwamba wa kuparamia. Nchi ni tambarare kabisa, na mtu aendaye polepole anaweza kuufikia mto, kuufuata ukingo kidogo, na kurudi nyumbani kabla ya chai ya saa nne.

Mtu wa mjini hupenda kudhani kwamba kutembea kwa ajili ya kutembea ni jambo lake, kwamba wa kijijini hutembea kwa shida tu. Nanighi haikubaliani naye. Wanawake washukao mtoni huchagua njia ndefu yenye kivuli wakati ile fupi ya jua ipo, na mazungumzo yao huanza pale tu wanapoingia chini ya mikuyu. Vijana wa mifugo huwapeleka mbuzi mahali penye malisho, ndiyo, lakini wana mahali wanapopapenda kati ya pote penye malisho. Wazee hushuka jioni kutazama kina cha maji ambacho wameshaambiwa asubuhi. Raha imo ndani ya shughuli, na mtu akitaka kuitenganisha na ile shughuli haipati tena.

Sasa kuhusu njia zenyewe. Kutoka Garissa hadi kwenye delta ya Garsen, mashamba yamekaa ukingoni kwa sababu ndiko udongo uliko, na mifugo iko nyuma, kwenye nyika, kwa sababu ndiko majani yaliko wakati wa mvua. Mvua ikikata, ng'ombe lazima wafike majini, na kati yao na maji yapo mahindi ya mtu. Jibu la watu wa Tana kwa tatizo hili ni malka: njia ya mifugo ipitayo kati ya mashamba hadi mtoni, yenye upana unaojulikana, yenye jina, isiyolimwa na mtu. Mkulima anaiacha hata kama udongo wake ni mzuri kuliko wa shamba lake. Mfugaji naye anakaza kundi lake lisitoke nje ya mstari. Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa. Waorma wana lao, Matadheda. Na kazi kubwa ya mabaraza hayo, miaka nenda miaka rudi, imekuwa kukumbuka malka ziko wapi, nani apite lini, na mahindi yaliyoliwa yalipwe vipi. Hakuna ukuta uliojengwa. Malka ni ahadi iliyolazwa chini, inayofanywa upya kila kiangazi kwa kupitwa.

Mimi naona malka ndiyo fikra kubwa kuliko zote zilizozaliwa kwenye mto huu, na nasikitika kwamba tunaizungumza kwa nadra, huku maneno ya wageni kuhusu utunzaji wa mazingira tukiyakariri shuleni. Malka inasema kwamba mtu anaweza kuwa na haki juu ya ardhi bila kuikalia. Haki yake ni ya kupita. Anakuja, ng'ombe wanakunywa, anaondoka, na nyuma yake kinabaki kinyesi kinachorutubisha na tope lililoshindiliwa. Mwenye shamba hapotezi ardhi yake kwa kumpisha, na mwenye ng'ombe hapotezi heshima yake kwa kuomba kupita.

Huko mbali nako watu wamepigania jambo hili hili. Mwezi Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout nchini Uingereza wakijua kwamba wenye mali wamewakataza. Walitaka kutembea tu, siku ya mapumziko, katika nchi iliyokuwa wazi machoni na iliyofungwa miguuni. Watano wakatiwa gerezani. Sheria za Uingereza leo zinatambua kwamba njia iliyopitwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa inaweza kuwa ya umma. Miguu huandika hati. Nikisoma habari hizo nawafikiria wafugaji wanaoshuka Nanighi mwezi Februari, wakiwa na mamia ya miaka ya kupita nyuma yao na bila karatasi hata moja mkononi.

Malka ikifungwa huwa ni jambo la damu. Hili halisemwi kwa urahisi, na sitalirefusha. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, kwenye delta chini ya Garsen, watu wa Tana waliuana. Katika kijiji cha Riketa peke yake walikufa zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, na hadi mwaka unakwisha waliokufa katika vijiji vya wakulima na vya wafugaji walikuwa wamepita 100. Siasa ilikuwamo, silaha zilikuwamo, lakini chini kabisa ya yote kulikuwa na mashamba na malisho na maji, na njia ambazo kila upande uliona zimevunjwa na mwingine. Mwaka ule ule delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Dunia iliitambua ardhi hiyo kwa ajili ya ndege wake na viboko wake katika mwaka ambao wenyeji walikuwa wakizika. Mambo hayo mawili sijaweza kuyasoma kwa kutenganisha.

Kutoka Nanighi, mto ukiufuata kushuka, baada ya Hola unafika kwenye vipande vya msitu vya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1976 kwa ajili ya nyani wawili wasiopatikana popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili wanakaa kwenye msitu wa ukingoni, na msitu wenyewe umekatikakatika, kipande hapa, kipande kule, katikati mashamba na nyasi. Mangabei hushuka chini. Anatembea juu ya ardhi kwa miguu yote minne, anachakura majani makavu, na akiona lazima anaweza kuvuka pahali wazi kwenda kipande kingine. Mbega mwekundu ni wa juu. Chakula chake ni majani na matunda ya mitini, na miti ikiachana sana, kwake pengo la shamba moja ni bahari. Anaweza kufa njaa huku akiuona msitu mwingine kwa macho. Ukisimama chini ya mikuyu ile ukamtazama akipima umbali wa tawi, akiinama, akisita, akirudi, unaelewa kwamba ukubwa wa hifadhi ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni kama kuna pa kupitia.

Najua kuna hoja ya uzio, na ina uzito. Upande huu wa mashariki, chini ya Nanighi, iko hifadhi ya Arawale, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, swala mwenye mstari mweupe usoni na uso mrefu wa huzuni, ambaye leo idadi yake porini haifiki 500. Arawale ilikuwa na jina na mipaka kwenye karatasi, na hirola wakaendelea kupungua. Mbele zaidi, Ishaqbini, wakazi wenyewe Wasomali walitenga ardhi yao, na mwaka 2012 wakakubali sehemu yake izungushiwe uzio wa kuzuia simba na fisi, wakaingizwa hirola 48. Humo wamezaana. Kwa hiyo siwezi kusema uzio ni mbaya. Ninachokiona ni kwamba pale uzio ulipofaa, ulijengwa na watu waliokuwa wameshika ufunguo wa lango, waliojua ng'ombe wao watapitia wapi baada ya waya kufungwa. Hofu nayo imefunga mengi bila waya wowote: tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ianze mwaka 2015, zimo njia kati ya Tana na msitu wa Boni ambazo wazee walizitembea ujanani na wajukuu wao wanazijua kwa kusimuliwa tu.

Na maji je, hayana malka yake? Swali hili ndilo lililonifanya nisimame muda mrefu pale kwenye tope, hata mbuzi wakaniacha. Kipande kile cha ardhi ni cha mto. Mto hukipita mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zikishanyesha kule juu, hukilaza chini ya maji, hukiwekea udongo mpya, kisha huondoka. Hiyo ndiyo ardhi oevu: mahali ambapo maji na nchi kavu wamekubaliana kupeana zamu. Mpokomo alijifunza zamu hizo akapanda mpunga na mahindi nyuma ya maji yarudipo. Muorma na Msomali walijifunza, wakaleta ng'ombe wakati majani ya bondeni yanapochipua na nyika imekwisha. Ipo miti ya jamii ya popla inayomea Tana, na mche wake hutaka mchanga mpya uliotoka kuwekwa na mafuriko. Pasipo mafuriko, miti mikubwa husimama mpaka ikazeeka bila watoto miguuni. Hata vile viluwiluwi ndani ya ukwato walikuwa wanaishi kwa zamu hiyo.

Kisha kule juu pakajengwa mabwawa. Kindaruma mwaka 1968, ikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Masinga peke yake ilijengwa kushika mita za ujazo zaidi ya bilioni 1.5. Taa za Nairobi ziliwaka kwa maji haya, na mimi ninayeandika nimesoma chini ya taa hizo. Sina neno la kuwalaani waliojenga. Lakini maji yalipoanza kungoja ruhusa, mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya kulisha, yalipungua, na mabonde mengi yakasahau zamu yao. Yaliyobaki ni yale makubwa yasiyozuilika, kama ya 1997 na 1998, na yale ya mwishoni mwa 2023 na Aprili 2024, barabara ya Garissa ilipofunikwa na boti ikazama karibu na Kona Punda na watu ndani yake. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto, lakini siku ile hapakuwa na tusi wala kosa. Watu walikuwa wanavuka kwenda nyumbani, mahali ambapo jana yake palikuwa lami.

Palipokosa mafuriko, mathenge imeingia. Mti huu uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na uwape watu kuni, karibu na miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, na walioleta walikuwa na nia njema. Sasa umejaza kingo na vichaka visivyopitika, miiba yake inatoboa akala na gurudumu, mbuzi wanakula maganda yake matamu, wanayasambaza kwa kinyesi, na meno yao yanaoza. Kule Baringo wenye mifugo walimfikisha mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Nanighi nimeona malka iliyozibwa na mathenge pande zote mbili hadi ng'ombe wanapita mmoja mmoja. Hakuna aliyeamua kuifunga. Imefungwa na kutopitwa kwa misimu kadhaa, basi, na misimu hiyo ilitosha.

Mto nao haukukubali siku zote pale ulipowekwa. Ukitembea huko Garsen utakuta maziwa yaliyopinda, Bilisa, Shakababo na mengine, ambayo ni mikondo ya zamani ambayo mto uliihama ukaiachia maji. Hata mdomo wake wa leo si ule wa kale. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ulichimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi ya nafaka ipite. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua kwa mafuriko, ukauhamia wote, na ndiyo maana siku hizi unaingia baharini Kipini. Watu walifungua njia ndogo ya kupitia wao, ikapita nchi nzima ya maji. Nadhani kila mhandisi wa mto huu angefaa kutembezwa Belezoni kabla hajafungua daftari lake.

Wapo waliopita Tana wakachukua. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ambayo mlio wake ulikuwa unawaita wazee wa vijiji vya mbali wakutane, ilitwaliwa na maofisa wa kikoloni, na tangu mwaka 1908 imo British Museum, London, ndani ya stoo. Imekaa huko muda mrefu kuliko umri wa mtu yeyote aliye hai ukingoni. Nikiwa natembea chini ya miembe najaribu kukadiria mlio ule ungefika wapi katika hewa hii nzito ya asubuhi, kama ungefika kona ya pili ya mto au ya tatu. Kuna kingine pia kilichotoka hapa, hicho kwa heri: sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, imetokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyokusudiwa kumlaza mtoto kando ya maji haya. Wimbo ulipita ukaenda, na mama akabaki nao vilevile. Ngoma ilipita, na hapa pakabaki pengo. Tofauti hiyo ndiyo ninayojaribu kuitafuta tangu nilipoanza kuzungumza habari za kwato.

Ndege wanaijua tofauti hiyo. Kuanzia Oktoba wanashuka wageni kutoka Ulaya na Asia, wembamba, wenye miguu mirefu, wanasimama kwenye maji ya kina cha kidole na kudonoa tope kwa midomo yao mirefu, mchana kutwa, bila kuinua vichwa. Wengine watakaa hadi Aprili, wengine wanaongeza nguvu tu na kuendelea kusini. Wanachohitaji kwetu ni kidogo mno: tope lenye wadudu, lisilokauka kabla hawajashiba. Wakilikosa hapa hawana mahali pa kulalamika, wala haitajulikana kwamba walipungukiwa njiani. Furukombe wa mtini aliye mwenyeji huwatazama bila kujali, na mwari wanapita juu kwa safu. Mgeni njoo, mwenyeji apone; nasi tumezoea kudhani mgeni wa methali hiyo ana mkoba na viatu.

Jina la Nanighi limeandikwa katika mipango ya serikali, kama mahali pa kujengwa kizuio cha kugawa maji ya Tana kwa umwagiliaji na kuyapeleka Lamu kwenye bandari mpya. Siku moja huenda kikajengwa. Lamu wana kiu, na kiu yao ni ya kweli. Lakini kizuio kikichorwa na mtu aliyekuja kwa gari mwezi wa Mei, maji yakiwa yamejaa na kila mahali ni kijani, atachora mto na atachora ukuta, na kati ya hivyo viwili hataona kitu. Ramani za kawaida zina mto, zina barabara, zina mpaka wa kaunti uliowekwa kwenye mto huo huo kana kwamba maji yanagawanya watu ambao siku zote yamewakutanisha. Malka hazimo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetoa nafasi ya jamii kuandikisha ardhi yake, na mpango wa matumizi ya ardhi wa delta, uliofuatia kesi ndefu mahakamani kuhusu mashamba makubwa, umeonyesha kwamba wakulima, wafugaji na wavuvi wanaweza kuketi juu ya ramani moja. Kilichofanyika Garsen kinaweza kufanyika huku juu.

Kwa hiyo naomba wapimaji waje Machi, mwisho wa kile kiangazi ambacho Wasomali hukiita jilaal, kabla ya tone la kwanza la masika. Waje kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, kutoka ndani ya Fafi hadi majini, mwendo wa kundi lililokonda, wasimame kundi likisimama. Waulize kila malka inaitwaje na nani huipita, waandike jina hilo kwa tahajia ya wanaolitamka, wapime upana wake kundi likiwa ndani. Wawaulize wanawake wanachotea wapi mto ukiwa umepungua, maana mahali pa Mei sipo pa Machi, na mamba nao huhama. Mathenge iliyoziba ikatwe kabla ya kipimo, ili pasipimwe njia ya ng'ombe mmoja. Na maji yatakayoachwa yapite chini ya kizuio yahesabiwe kwa misimu miwili, yakiwamo yale ya kufurika kidogo, siyo ya kunywa tu. Yote hayo yanaingia kwenye ramani moja, na penseli tu inatosha kuyaanza.